Nabii Mika na Kopo Lililobonyea

Vijana wangu wa kundi la wasomaji, amahoro, amani kwenu.

Jumapili iliyopita mlikuja nyumbani watatu kuniomba kitabu changu cha Maandiko, kile chenye jalada la kitambaa cha jinzi, kwa sababu mmesikia kwamba ndani yake kuna alama zangu za manabii wadogo wote kumi na wawili. Nitawapa. Magoti yangu hayataki tena baiskeli, na kitabu kikikaa kabatini kitaliwa na mende. Lakini mmoja wenu alikifungua palepale, akafika kwenye Mika, akaona alama ya dole gumba la rangi ya machungwa katikati ya ukurasa, akauliza kama ni muhuri. Nilicheka, nikawaambia mrudi Alhamisi.

Si muhuri. Ni mawese, na dole ni langu. Nisipowaeleza lilifikaje pale, mtachukua kitabu mkaacha kazi yenyewe nyumbani kwangu. Kwa hiyo nimenunua kaye, daftari la shule, nimeketi barazani naandika, na mke wangu anapita kila mara akiuliza kama nimeshafika kwake. Namwambia bado. Anasema nisiruke.

Kazi yangu, kama mnavyojua, ilikuwa mwalimu wa kanisa. Mchungaji ana makanisa mengi, anatufikia mara moja kwa mwezi. Jumapili zilizobaki zilikuwa zangu mimi na baiskeli yangu, leo Rumonge mjini, wiki ijayo Minago, wiki nyingine Magara. Nilifanya hivyo hadi watoto niliowafundisha kusoma wakaniletea watoto wao. Na katika kazi hiyo yote, chakula changu kikubwa kilikuwa hawa manabii ambao watu hawawajui.

Aliyenitia ugonjwa huo ni Mzee Bernabe wa Minago, Mungu amrehemu. Alilima mihogo siku sita na kufundisha siku ya saba, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani. Siku ya kwanza aliponipokea aliniuliza ninapenda nabii gani. Nikasema Isaya. Akanitazama kana kwamba nimeagiza soda kwenye duka la mbao.

"Isaya iko na watu mingi ya kumusemea," akasema. "Yeremia vilevile. Hawa wadogo hawana mutu. Kurasa zao zinashikamana kwa sababu hakuna mwenye kuzifungua. Wewe utakuwa mutu wao."

Kisha akanipa sheria moja, na aliirudia mpaka nikachoka nayo. "Kila moja umusome ukiwa umesimama, tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka. Hakuna mwenye kuwa murefu kupita kungojea bisi ya Nyanza-Lac."

Nilisema ndiyo, Muzee. Mtaona niliifuata vipi.

Nianze na Obadia, maana ndiye aliyenivua nguo kwanza. Obadia ana ukurasa mmoja tu. Nilikuwa mwalimu mpya, nimevaa koti la kuazima, kanisa la Rumonge limejaa, nikatangaza kwa kishindo: tufungue Obadia. Basi nikaanza kumtafuta. Nikampata Hosea, nikampata Yona, nikarudi kwa Amosi, nikamrukia tena Yona. Ule ukurasa ulikuwa umeshikana na jirani yake. Nikawaambia kwaya waimbe. Wakaimba. Nikawaomba waimbe tena. Katika wimbo wa tatu mama mmoja wa benchi la mbele alisimama, akachukua kitabu mkononi mwangu, akalamba kidole, akatenganisha kurasa mbili, akanirudishia bila neno.

Tangu siku hiyo nilikata vipande vya jani la mchikichi, nikavikausha, nikaweka kimoja kwa kila nabii. Ndizo alama mnazozitaka. Ninyi siku hizi mnagusa simu na Obadia anatokea kabla hamjameza mate. Ni jambo zuri, sikatai. Lakini simu inakupeleka moja kwa moja hadi mstari unaoutaka, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Mimi niliingia katika hatari hiyo bila hata kuwa na simu.

Na kwa kuwa nimemtaja Obadia, niseme hili halafu tuendelee. Ujumbe wake ni mmoja: ndugu aliyesimama pembeni akitazama nyumba ya ndugu yake inavyoporwa, akafurahi. Sisi watu wa ukanda huu wa ziwa tumekimbia na tumerudi, na wako waliorudi wakakuta wengine wanavuna michikichi yao. Ukurasa huo mmoja unauma kuliko vitabu vizima. Nimeusoma mbele ya watu mara tatu tu maishani. Mkiusoma, usomeni polepole, na msimtazame mtu yeyote usoni.

Haya. Magara sasa.

Magara ni kanisa la wavuvi, na wavuvi wanafika kutoka ziwani asubuhi, wameuza ndagala wao, yaani dagaa, kwa mama wachuuzi, wameoga, wameketi. Wakishaketi, wanalala. Si dharau, ni mwili. Nilijaribu kupandisha sauti, nikajaribu kushusha, nikajaribu hadithi za kuchekesha. Walikoroma kwa heshima. Dawa niliipata kwa Nahumu. Nahumu ana mahali ambapo mji mkubwa wa wakatili unaanguka, na anausimulia kwa mlio: mijeledi inapigwa, magurudumu yanakwaruza, farasi wanakwenda mbio, magari ya vita yanarukaruka. Ukiyasoma kwa pumzi moja huku unapiga meza, hakuna mvuvi anayebaki usingizini. Mmoja aliamka akauliza boti ya nani imegonga. Msimtumie Nahumu kila wiki, atazoeleka, lakini mkae naye karibu.

Na Habakuki, vijana! Habakuki alikuwa mpenzi wa Magara. Ni nabii asiyehubiri kwa watu, anamlalamikia Mungu mwenyewe: mpaka lini, mbona unatazama tu? Na katika kulalamika anataja nyavu, ndoana na jarife. Wavuvi waliposikia wavu ndani ya Maandiko walifurahi kama wamesikia jina la mtoto wao likitajwa redioni. "Huyu ni mutu ya Magara!" walisema. Kila nilipofika waliniomba Habakuki. Mwenye boti mmoja, Kapita Melkiori, mtu mnene mwenye sauti ndogo, aliandika jina la Habakuki ubavuni mwa boti yake kwa rangi nyeupe.

Mimi nami nilivimba kichwa. Nilisoma kile kipande cha nyavu na kuishia hapo, maana ndicho walichokipenda. Hadi siku moja Melkiori, ambaye usingizi haukumjia, aliinua mkono.

"Mwalimu, huyu mwenye wavu, mwisho yake iko namna gani?"

Ikabidi nisome mbele na nyuma. Na habari yenyewe ni hii: mwenye wavu ni mfalme dhalimu anayekamata mataifa kama samaki, na kwa kuwa amenona kwa sababu ya wavu wake, anaufukizia wavu ubani na kuuabudu.

"Kwa hiyo sisi hatuko wavuvi," akasema Melkiori. "Sisi tuko ndagala."

"Ndiyo, Kapita."

Akafikiri. Tumbo likaanza kumtikisika, akacheka mpaka akashika benchi, na kanisa zima likamfuata. "Hapo sasa ninamuelewa sana zaidi," akasema. Jina hakulifuta kwenye boti. Alisema ndagala naye ana haki ya kuwa na nabii.

Baada ya siku hiyo sifa zangu zilienea. Watu wa Minago waliniita Mwalimu Habakuki. Kichwa, kama nilivyosema, kilivimba, na mtu akivimba kichwa hasomi tena akiwa amesimama. Anatafuta mahali patamu.

Ndipo nikafika kwa Mika. Mama Klodine, nimefika kwako.

Mama Klodine ni mke wangu. Mnamjua kwenye kisoko cha kando ya barabara, meza ya tatu, pale anapouza mawese. Alikuwa anauza mawese kabla sijamuoa, na mawese hayo ndiyo yaliyosomesha watoto wetu wanne, kwa sababu mwalimu wa kanisa analipwa mihogo na shukrani. Anapima kwa kopo la bati lililowahi kuwa la maziwa ya unga.

Sasa, Mika katika sura yake ya sita ana maneno makali kuhusu wafanyabiashara: kipimo kilichopunguzwa, mizani ya uongo, mawe ya kupimia ya hila yaliyofichwa mfukoni. Niliyaona juma hilo nikipekua, yakawaka moyoni mwangu. Sikusoma mbele yake wala nyuma yake. Jumapili nikapanda mimbarani Rumonge nikawasha moto.

Nilisema, Mika angepita leo hapa kwetu asingehitaji kwenda mbali. Angesimama mezani kwenye mawese na kuligeuza kopo. Angekuta kitako kimegongwa kuingia ndani. Nikaonyesha kwa mikono: kiganja hiki ni kitako, ngumi hii inakisukuma juu, mafuta yaliyotakiwa kukaa hapa yako wapi? Kicheko kikaanza kwenye mabenchi ya akina mama. Nikadhani ni kicheko cha kukubali. Nikaongeza. Nikasema mwenye kopo kama hilo anakula mafuta ya wajane na analala usingizi.

Kicheko kikakatika. Nikaona macho yote yamegeukia benchi moja, na kwenye benchi hilo, katika kitenge chake cha kijani, alikuwa ameketi mke wangu.

Vijana, nawaapia, hila hiyo niliisikia kwa watu tu, sikujua kwamba hata kwetu ipo. Nilikuwa nimeliona kopo lile kila siku ya ndoa yangu na sijawahi kuligeuza. Mama Klodine alisimama, akakunja kitambaa chake cha kujipangusia jasho mara mbili, akatoka nje taratibu kama mtu anayekwenda kutazama sufuria. Nilimaliza mahubiri. Amina niliisema peke yangu.

Nilifika nyumbani nimejiandaa kwa kelele. Hakukuwa na kelele. Chakula kilikuwa mezani, ugali wa muhogo na ndagala. Ila ugali hakuupakua kwa mwiko. Alikuwa ameushindilia ndani ya lile kopo, akaupindua kwenye sahani yangu, na ukasimama wima ukiwa na shimo juu kama kikombe, pale kitako kilipobonyea. Akamimina mchuzi wa ndagala ndani ya lile shimo. Uliingia mchuzi mwingi.

"Kula," akasema. "Ni kipimo yako."

Nikala. Ulinukia mawese.

"Umenihubiri mbele ya watu, mimi niliyekufulia hiyo koti," akasema nilipomaliza. "Mimi kule kanisani sirudi. Siku utauza bidoni moja nzima pa nafasi yangu, wewe mwenyewe, na hiyo kopo, tangu asubuhi mpaka inaisha, hapo tutaongea."

Jioni wakaja wazee watatu wa kanisa. Walikuwa wapole, na upole wao ulinitisha zaidi. Walisema mwalimu ambaye nyumba yake inapima pungufu hawezi kuwasomea wengine habari za vipimo. Mchungaji anakuja baada ya wiki tatu. Mpaka hapo, ama jambo la kopo liwe limenyooka, ama nikabidhi kitabu. Usiku huo Mama Klodine alilala na uso ukutani. Nikajua kwamba kwa hotuba moja nimeweza kukaribia kumpoteza mke na kazi, na kazi bado ningeivumilia.

Nilikwenda Minago kwa Mzee Bernabe nikitaka anihurumie. Nilimkuta anamenya mihogo. Nikamsimulia yote, na nilimsimulia vizuri, mimi nikiwa shujaa mwonewa. Hakuinua kichwa.

"Ulianzia wapi?"

"Sura ya sita, Muzee."

"Na mu sura ya kwanza Mika anafanya nini?"

Sikujua. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka naipata masikioni. Akanipa kitabu chake, akanisimamisha katikati ya maganda ya mihogo, nikasoma. Na Mika katika sura ya kwanza, kabla hajamgusa mfanyabiashara yeyote, anasema atalia na kuomboleza, atatembea bila viatu na bila nguo, atabweka kama mbweha. Kwa sababu jeraha halina dawa, na limefika mpaka mlangoni kwa watu wake mwenyewe.

"Yeye alilia kwanza," akasema Bernabe. "Alitembea bila viatu. Wewe ulikuwa umevaa koti." Akarudi kwenye mihogo yake. "Nenda uuze mafuta ya watu."

Ijumaa nikaenda. Mama Klodine alinipangia meza, akanikabidhi bidoni, lile dumu la mafuta, pamoja na faneli na kopo, kisha akaketi kwenye meza ya jirani yake akisuka ukili, mgongo ameniwekea. Wauza mawese wote wa mstari ule walikuwa wamesikia. Walinisalimu kwa furaha nyingi mno.

Kabla ya saa nne nilikuwa nimejifunza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia mimbarani. Hakuna mnunuzi anayeondoka bila nyongeza. Unapima kopo, unamimina, na chupa yake haiondoki. Inabaki imenyooshwa, na mwenye chupa anasema, "Mama, ongeza." Unaongeza tone. "Ongeza, mama, mimi ni mutu yako." Unaongeza. Ukikataa anakwenda meza ya nne. Nikaona sasa lile shimo la kitako linafanya kazi gani. Kile kinachopungua chini ndicho kinachotolewa juu. Muuzaji anajua, mnunuzi anajua, kila mmoja anatabasamu, na mwisho wa mambo chupa imejaa sawasawa. Nikafurahi sana. Nikajiambia, basi hakuna dhambi hapa, ni mchezo tu wa watu wazima, nitawaambia wazee wa kanisa.

Hapo akaja Bibi Anastazia. Ninyi hamkumkuta. Alikuwa mjane wa Minago, mwembamba, alikuwa anapanda pikipiki ya mjukuu wake kuja sokoni mara moja kwa wiki, na alikuwa na haya ya kupindukia, hata salamu alizitoa akitazama chini. Alinyoosha kichupa chake. Nikapima kopo, nikamimina. Nikangoja aseme ongeza.

Hakusema. Alifunga kichupa kwa kipande cha gunzi, akasema murakoze, asante, akageuka kuondoka.

Ndipo kitu kikanichoma. Wenye mdomo wote walikuwa wamepata haki yao, mimi mwenyewe nimewapa. Anayepunjika ni asiyejua kuomba: mgeni anayeteremka basi, mtu mwenye haya, Bibi Anastazia. Wiki baada ya wiki, miaka yote hiyo, kishimo kile kilikuwa kinatoka kwenye chupa za walio kama yeye tu. Nikamwita. "Bibi, rudi, bado." Nikamwongezea mpaka mafuta yakafika shingoni.

"Leo iko sikukuu gani?" akauliza, akitazama chini.

Machozi yalinitoka pale pale, mezani, mbele ya wauza mawese wote, mtu mzima na faneli mkononi. Sikuwa nimeyapanga. Nilitoa kitabu kwenye mfuko wa koti nikitafuta ile sura ya kwanza, nikiwa na mafuta mpaka viwikoni, na dole likaweka ile alama mliyoiona.

Nilipotulia nikaligeuza kopo, kwa mara ya kwanza tangu nioe, au ndivyo nilivyodhani. Kitako kilikuwa na alama mbili za mviringo, moja juu ya nyingine, za jiwe. Nikalijua lile jiwe. Ni jiwe letu la kusagia pilipili. Na nikaukumbuka mkono uliolishika. Mwaka wetu wa kwanza, nyumba ya kupanga, bibi arusi ananiletea kopo jipya: baba, nigongee hapa kidogo, iingie ndani. Nami, kijana mwenye misuli na mapenzi, sikuuliza kwa nini. Niligonga mara mbili, ya pili kwa mbwembwe.

Bidoni ilipokwisha nililibeba kopo hadi meza ya jirani. "Mama Klodine, hii kopo ni nani aliigongaka?"

Aliinua macho kutoka kwenye ukili. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu Jumapili ile. Akacheka. Alicheka mpaka ukili ukamwanguka.

"Nilikuwa ninangojea siku utauliza," akasema.

Tulitembea kurudi nyumbani pamoja. Nilimweleza habari ya Bibi Anastazia, na hapo hakucheka. Alisema anamjua vizuri, na kwamba kila alipomwona anaondoka bila kuomba moyo ulimgonga, akajiambia wiki ijayo nitamwongezea, na wiki ijayo meza ilikuwa na watu. Alilia kidogo njiani. Nilishika faneli.

Mchungaji alipokuja niliomba nisome mimi. Nilisimama bila koti na bila viatu, nikasoma Mika kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, bila kuruka. Ni kweli, basi la Nyanza-Lac linachukua muda mrefu zaidi. Nilipofika sura ya sita nililiinua kopo nikasema: hili ni la nyumbani kwangu, na aliyeligonga ni mimi. Sikuonyesha ngumi. Wauza mawese wanne walikuwepo na hakuna aliyegeuka kumtazama mwenzake.

Nikasoma mbele, mpaka mwisho kabisa, pale ambapo Mika, baada ya ukali wote ule, anasema kwamba Mungu hashikilii hasira, na kwamba atazitupa dhambi za watu kwenye vilindi vya maji. Mnajua sisi na vilindi. Hapa kwetu ukipiga kasia kidogo tu kutoka ufukweni, kamba haipati tena chini. Kapita Melkiori, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya mchungaji, akaruka juu.

"Boti yangu iko!" akapaza ile sauti yake ndogo. "Makopo yote mulete, twende tuyatupe mu ziwa!"

Watu wakashangilia. Kwaya wakaanza wimbo. Nami nilikuwa nimeshainua mkono, maana niliona jinsi itakavyopendeza. Ndipo sauti ikatoka mlangoni. Mama Klodine alikuwa amesimama pale, na kitenge cha kijani, amerudi.

"Mungu anazitupaka dhambi mu maji," akasema. "Makopo hapana. Hiyo kopo ni yangu, na ingali nzima. Muzee, ilete."

Nikampelekea. Mchungaji alicheka mpaka akaketi.

Kesho yake tulilipeleka kwa Shabani, fundi wa mabati kule mtaa wa Waswahili, anayetengeneza vibatari na makarai. Alilizungusha, akatikisa kichwa. "Habari za kupunja vipimo hata sisi Waislamu tunazo, Mwalimu," akasema, "na kwetu ni kali kupita kwenu." Kisha akamgeukia Mama Klodine. "Nikiitoa yote, mama, itapita upande wa pili. Haitasimama tena kwa meza."

"Toa," akasema Mama Klodine.

Akatoa. Na kweli likapita upande wa pili. Kitako kimevimba kwa nje, kopo haliwezi kusimama, linayumba, ni lazima lishikwe mkononi. Linachukua mafuta mengi kuliko lilivyochukua dukani likiwa jipya. Wauza mawese wengine walimcheka wiki nzima. Halafu mmoja mmoja wakaenda kwa Shabani.

Basi hiyo ndiyo habari ya dole. Alhamisi njooni mchukue kitabu. Vipande vya jani la mchikichi vingine vimevunjika, mtakata vipya. Bernabe aliniomba nisiruke na mimi nawaomba hivyohivyo, na mkifika mahali panapowaka, someni kwanza nabii amefikaje pale.

Kabla ya kuja kwangu piteni mezani kwa Mama Klodine, mbebe chupa. Na mjaribu, kwa kuwa najua mtajaribu, kumwambia aongeze. Atawajibu anavyowajibu wote tangu siku ile, huku ameshika kopo lake linaloyumba: "Nyongeza iko chini." Bibi Anastazia alinunua kwake miaka mingine saba baada ya hapo, na hakuwahi kuomba.